Kiondo Kilichofika Kitupu

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninaposikia harufu ya katani mbichi. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nje ya jiko la nyanya yangu, huku kwetu karibu na Kianjokoma, shuka mabegani ingawa jua lilikuwa linawaka, na mapajani nilikuwa na kiondo ambacho hakijafika nusu. Nilikuwa msichana wa chuo kikuu aliyerudishwa nyumbani na kifua. Nilikuwa nimesikia gari likipunguza mwendo barabarani, nami nikainua kichwa. Lilipita. Nikarudi kwenye kiondo na kukuta nimeruka mstari mzima.

Nimekumbuka siku hiyo kwa sababu ya nilichokiona kwenu Jumapili. Ulikuwa kitandani, Wanja, na ile sinia ya shanga magotini, ukitunga bangili za marafiki zako wa shule. Ulinionyesha moja moja, ukanitajia ya nani ni ipi na kwa nini huyu umemchagulia rangi ya zambarau. Kisha nilipokwenda jikoni, mama yako akaninong'oneza kwamba tangu uugue kifua hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga hapa. Nawe kila pikipiki ilipopita nje, mkono wako ulisimama hewani na ushanga kwenye uzi. Nilikuona. Najua vizuri mkono unavyosimama namna hiyo.

Sasa, mimi si hodari wa kutoa mawaidha. Wanaonijua watakwambia nilikuwa mtu wa maswali na bado ni mtu wa maswali. Hata mchungaji wetu hupita mlango mwingine ibada ikiisha. Kwa hiyo sitakwambia jambo lolote eti kwa sababu wazee walisema. Nitakueleza yaliyonipata, halafu upime mwenyewe. Ukiona hayana maana, yatupe.

Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Miaka ile chuo kilifungwa na kufunguliwa kama duka la mlevi, na nadhani wengi hawakugundua hata nimeondoka. Kila asubuhi nilitembea hadi zahanati kudungwa sindano, halafu nikarudi nikiwa nimeshika nyonga kama mwanamke mjamzito. Baada ya wiki kadhaa muuguzi aliniambia sasa siwezi kumwambukiza mtu. Nilifurahi, nikadhani jambo limekwisha. Nikawaeleza majirani mmoja mmoja, kwa lugha rahisi, jinsi dawa inavyofanya kazi. Walinisikiliza vizuri sana, wakiwa wamesimama upande wa pili wa ua.

Kikombe changu kilifungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake ili mtu asikosee. Wanawake waliozoea kuja kusuka pamoja na nyanya yangu wakawa na kazi nyingi ghafla. Nyanya mwenyewe hakuacha kuketi nami. Sisi Waembu nyanya tunamwita Cucu, na huyu wangu hakuwa jasiri kuliko wengine, ila aliamini ugonjwa wangu ulitokana na kusoma usiku nikiwa na njaa, na kusoma hakuambukizi mtu.

"Ungekuwa umeolewa ungekuwa umenenepa sasa," aliniambia.

"Cucu, kwani walioolewa hawakohoi?"

"Wanakohoa. Lakini wana mtu wa kuwaletea maji."

"Na wewe unaniletea maji."

"Ndiyo nasema uolewe. Nimechoka."

Rafiki yangu mkubwa aliitwa Kananu. Kwao ni Kangeta, huko Igembe, ambako baba yake alikuwa na shamba la miraa na pikapu ya kuisafirishia. Tulilala bweni moja katika shule ya upili, kitanda chake juu ya changu, kisha tukaingia chuo kikuu pamoja. Tulikuwa tukivaliana nguo hadi tukasahau ipi ni ya nani. Nilipougua alinisindikiza hadi kwenye gari na kusema, "Nenda, nitakuja kabla hujafika." Ilikuwa ni mzaha. Baada ya hapo, kimya. Mvua zikaja zikaisha, mahindi yakavunwa, na Kananu hakuja wala hakutuma hata salamu kwa mtu.

Unajua mgonjwa anavyofikiri. Ana wakati mwingi na hana kazi, kwa hiyo anashtaki watu, anasikiliza ushahidi, anahukumu, yote akiwa amelala chali. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Kananu, msichana aliyesoma baiolojia, ananiogopa kama wale majirani wa upande wa pili wa ua.

Hapo ndipo nilipoanza kusuka. Nilijiambia kwamba nataka kuwatengenezea marafiki zangu zawadi, nisikae bure. Nilichukua katani ya Cucu, nikaisokota pajani kuwa nyuzi. Wanawake wengi huilowesha kwa mate. Mimi niliweka kikombe cha maji kando, mtu asije akapata la kusema. Kwa ajili ya rangi nilifumua sweta yangu ya zamani ya shule, ile ya kijani, kwa sababu nilijua Kananu akiona kijani kile hatauliza kimetoka wapi.

Nilianza na vipochi viwili vya wasichana wa chumba changu chuoni, nikavituma na mwanafunzi wa jirani chuo kilipofunguliwa. Wa kwanza alituma shukrani. Wa pili, niliambiwa baadaye, alikichoma cha kwake nyuma ya bweni. Sikumlaumu sana. Hakumsikia muuguzi.

Kiondo kikubwa kilikuwa cha Kananu. Cucu alikaa pembeni yangu na chake, akisuka bila kuangalia, na mimi nikimsumbua kwa maswali. Kwa nini kitako kianzwe katikati? Kwa nini mshipi uwe wa ngozi wakati kamba ipo? Majibu yake mengi yalikuwa kwamba ndivyo inavyofanywa. Siku ile niliyoruka mstari, alikishusha chake mapajani.

"Wewe husuki," akasema. "Unalinda barabara."

"Nasuka, Cucu. Huoni?"

"Naona. Fumua mpaka pale."

Nilifumua. Kilipokamilika hatimaye kilikuwa kizuri, si kwa kujisifu, na mkanda wa kijani ukikizunguka tumboni. Nikakiandaa kwa safari. Pikapu za miraa zilikuwa zikishuka kutoka Maua kabla ya mapambazuko kuiwahisha Nairobi, halafu mchana zikarudi zikiwa tupu, na dereva mmoja aliyeitwa Mutwiri alikubali kukifikisha Kangeta. Cucu akatoka ghalani na bakuli la njahi, zile kunde nyeusi za kwetu.

"Mwaga humu."

"Za nini?"

"Kiondo hakiendi kwa mtu kitupu."

"Kwa nini?"

"Hakiendi."

"Hiyo si sababu, Cucu. Nani atakula njahi zilizotoka nyumba ya mtu wa kifua? Mama yake atazimwaga, halafu atakitupa na kiondo pia. Kikienda kitupu, angalau watakiosha."

Na uangalie, mwanangu, hoja yangu ilikuwa nzuri. Hata leo nikiipima naiona nzuri. Cucu alisimama na bakuli lake, kisha akasema, "Basi weka kitu kisicholiwa," nami nikamuuliza kama nini, naye akasema hajui, akarudisha njahi ghalani.

Mutwiri alipokipokea alichungulia ndani. "Dada, yaani hakuna hata ndizi ya dereva?"

"Ni zawadi. Zawadi ni chenyewe."

"Haya. Lakini nikikifikisha hivi, wataniuliza nimekula nini njiani."

Akakirusha kiti cha mbele na kuondoka. Nikaanza kungoja upya, lakini sasa kwa namna nyingine. Nilikuwa na uhakika. Nilimwona Kananu akikishika, akiutambua uzi, akilia kidogo, akipanda gari la kwanza.

Alikuja kweli. Pikapu ya Mutwiri ilisimama barabarani, na mtu akateremka akiwa ameinama, kiondo mgongoni, mshipi wake kwenye paji la uso, kama mama wa shambani aliyebeba viazi. Sikumjua mpaka alipofika kwenye ua wa fito na kukitua. Alikuwa amenyolewa nywele zote. Alivaa gauni jeusi lililompwaya.

"Wawira."

"Umekuja."

"Mama amesema nisiingie."

"Siambukizi. Muuguzi amesema—"

"Mimi najua. Mama ndiye hajui." Akavuta pumzi. "Nimemwahidi."

Kiondo kilikuwa kimejaa hadi mdomoni: mahindi, maharagwe, ndizi, kipande cha kiazi kikuu, na juu yake kuku aliyefungwa miguu akitutazama kwa jicho moja. Kabla sijauliza nywele zimekwenda wapi, kabla sijauliza lolote ambalo rafiki angeuliza, nilisema, "Kananu, hiyo ilikuwa zawadi. Nani amekwambia sisi tuna njaa?"

"Kilikuja kitupu."

"Kwa sababu ni zawadi."

"Wawira, kimetoka kwenye nyumba ya mgonjwa na hakina kitu ndani. Mama alikigeuza juu chini, akakikung'uta, akasema, 'Hawa wameishiwa, wanaona haya kusema.' Akaingia ghalani saa ile ile. Mimi nilimwambia labda ni zawadi. Akaniuliza, zawadi gani inakuja ikiwa imefungua mdomo?"

Kisha nikauliza kuhusu nywele.

Alikuwa akinyolewa tangu msiba wa baba yake, asiziache ziote. Alikuwa ameamua kuipeleka miraa yake mwenyewe, na pikapu ikampindukia kwenye kona za kuteremkia mto Thuci, alfajiri, muda mfupi tu baada ya mimi kurudi nyumbani. Barabara ile ile, mwanangu. Barabara niliyoilinda miezi yote ile nikimngoja Kananu ndiyo iliyokuwa imemchukua baba yake, si mbali na pale nilipoketi.

"Sikukutumia habari kwa sababu uliumwa," alisema. "Niliogopa ukilia sana utatapika damu. Tulisoma mahali, si unakumbuka?"

Alisema pia kwamba harudi chuoni. Wadogo zake walikuwa wanne nyuma yake, na shamba halina mtu.

Cucu alikuwa ametoka jikoni. Alimpa Kananu pole kwa kumshika mikono yote miwili juu ya ua. Halafu akaanza kutoa vitu kwenye kiondo na kuvipeleka ndani. Nilimfuata.

"Cucu, warudishie. Wana msiba. Wamekosa baba."

"Nimesikia."

"Sasa tutakulaje chakula cha watu waliofiwa, na sisi tunacho?"

"Nikimrudishia, atamwambia nini mama yake? Kwamba alikosea kukuhurumia?" Aliendelea kupanga ndizi. "Uliutaka huu mzigo. Sasa ubebe. Na yule kuku, usiniambie nimchinje leo. Ataishi."

Niliporudi nje, kiondo kilikuwa kitupu tena kwenye nyasi, na Kananu amekaa chini upande wa pili wa ua, mgongo kwenye nguzo. Nilikuwa nimebakiza mkono mmoja wa ile sweta ya kijani. Nikauleta. Nikakaa upande wangu, nikaanza kuufumua, na yeye, bila kuulizwa, akaushika uzi na kuukunja kuwa donge. Hivyo ndivyo tulivyokaa mchana ule, uzi ukipita juu ya ua, tukizungumza kidogo na kunyamaza sana. Aliniuliza kama naogopa kufa. Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza kama yeye analala. Akasema hapana. Hakuna aliyemfariji mwenzake. Uzi ulipokwisha, alilitia donge lile kwenye kiondo, na Cucu akaja na njahi zake akazimwaga juu yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Kananu akasema, "Tutazila." Mutwiri akapiga honi.

Jioni ile, tukiwa motoni, Cucu aliniuliza, "Ulitaka nini ulipokisuka?"

"Kumpa zawadi."

Alikoroga chungu.

"Nilitaka aje," nikasema.

"Ulimwambia njoo?"

"Nilimtumia kiondo."

"Basi kiondo kikasema maharagwe."

Sikuwa na swali la kumuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nilipona, kama unavyoona, ingawa pafu moja halikurudi sawa, ndiyo maana husimama kupumzika ninapopanda kilima cha kwenu. Nilimaliza masomo, nikaajiriwa ofisini Embu mjini. Kananu alibaki Kangeta, akalima miraa, akalea wadogo zake, kisha wanawe. Kile kiondo kikawa mtu wa kusafiri kati yetu. Kilipanda Kangeta na mchele, kikashuka na karanga. Kilipanda na nguo za mtoto, kikashuka na mbuni za kahawa au asali. Kitako kilipotoboka, alikitia kiraka cha uzi wa buluu. Hakijawahi kwenda kitupu, wala hatukuwahi kulizungumza jambo hilo.

Halafu, juzi juzi tu, kikaja kitupu.

Kilikuwa kimetulia kwenye kiti cha nyuma cha gari la Probox, na dereva, kijana nisiyemjua, akaapa hajagusa kitu. Mkwe wangu alisema, "Wamesahau tu, mama." Nilikuwa nimepiga simu kwa Kananu mara nyingi wiki zile, wakapokea watoto wake, wakasema mama yuko sawa, amelala, yuko shambani. Nilichukua bakuli, nikaenda kwenye gunia la njahi kama mkono wangu ulivyozoea. Nilikuwa nimeshamwaga moja niliposimama. Nikazitoa zote. Nikavaa viatu, nikakibeba kitupu hadi stendi, nikapanda gari la Maua.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti mlangoni, amefungwa shali, amebaki mifupa. Ulikuwa ugonjwa wa koo, na sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Ndiyo maana hakuweza kuzungumza nami kwenye simu, na watoto alikuwa amewakataza kuniambia, kama alivyokuwa amenificha habari za baba yake. Aliponiona naingia nimebeba kiondo kinachopepea kitupu, alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Niliinama akaninong'oneza, kwa pumzi tu: "Nilidhani utatuma maharagwe."

Sikumponya, mwanangu. Sikumwambia neno lolote la maana. Nilikaa. Safari hii hapakuwa na ua. Nilimpa maji kwa kijiko, nikamgeuza akichoka upande, nikakaa tena. Alifariki kabla mwezi haujaandama, na baada ya mazishi binti yake alinikabidhi kiondo. Ndani yake alikuwa ameweka donge la uzi wa kijani. Kananu hakuwahi kulitumia.

Sasa nisikilize. Sikwambii uache bangili. Zitunge, ni nzuri, na mikono isipopata kazi, kichwa hujitafutia. Lakini usiitume bangili ikakusemee lile ambalo mdomo wako unaona haya kulisema. Hawa watoto wataivaa, watasema ni nzuri, watasahau. Watakuwa hawajakosea, maana walichopewa ni bangili. Ukimtaka mtu, mwambie. Mpigie yule wa zambarau, mwambie: naumwa, nimekukumbuka, njoo Jumamosi. Huenda asije. Huenda mama yake amemkataza, huenda anakuogopa, huenda mwingine akaichoma kabisa. Itakuuma. Lakini utaumwa na jambo ulilolijua, si na kesi uliyoitunga mwenyewe ukiwa umelala chali. Na akija, kabla hujamwambia habari ya kifua chako, muulize kwanza za kwao. Mimi nilichelewa kuuliza, na aliyekuwa amenyolewa alisimama mbele yangu mchana kweupe.

Kuhusu kiondo kutokwenda kitupu, bado sijui kwa nini. Nina mawazo yangu mawili matatu, hakuna linalonitosheleza. Ukipata lako, niambie tubishane.

Mama yako atakuletea hiki kiondo na barua hii. Ndani kuna njahi za uji wako, la hasha, za kuchemshwa, mama yako anajua. Na chini yake kuna lile donge la kijani, kama shanga zitakwisha. Mungu akupe pumzi ndefu isiyokatwa na kikohozi. Akupe usingizi, na asubuhi usiyoiogopa. Nyayo za watu zipatikane mlangoni mwako ukiwa mzima na ukiwa mgonjwa, na zako zipatikane kwao.

Ukimaliza vilivyomo, nirudishie kiondo na chochote, hata konzi ya majani chai. Usikirudishe kitupu, isipokuwa siku unayotaka nije.